Tarakimu Upande wa Mkia

Hapa, mwisho wa kitanda, upande wa mkia,
ndipo walipozigonga. Nilimwaga mafuta taa,
nikasugua kwa brashi ya waya hadi kijani kikabanduka,
chini yake kijivu, chini ya kijivu wekundu
kama udongo wa Kilembe ulionyeshewa,
kisha chuma chenyewe, baridi, na tarakimu sita:
nne, saba, moja, moja, sifuri, nane.
Ile nane imelala kidogo.
Aliyeshika nyundo siku hiyo alikuwa na haraka,
au na njaa, au kengele ilikwisha kulia.

Niliinunua kwa kilo, mwaka ule Nyamwamba
ulipoingia karakana ya mgodi bila hodi.
Bwambale wa vyuma chakavu aliipandisha mizani, akacheka:
"Dada, hili ni jiwe lenye mikono."
Nikatoa tope debe kumi na moja tumboni mwake,
na kiatu kimoja cha mtoto,
ambacho sikukiuliza kitu.

Nikaandika barua. Waliotengeneza, huko ng'ambo,
wana daftari la kila mashine iliyopita mlangoni pao.
Jibu lilichukua miezi mitatu, nalo fupi:
ilikamilika Machi, hamsini na tatu;
ikapimwa unyofu, ikafaulu;
ikapakwa grisi, ikapigiliwa ndani ya sanduku la mbao.
Bandari: Mombasa.
Mnunuzi: hapo pana mstari mtupu.
Mwaka ule reli ilikuwa haijafika Kasese.
Ilisubiri wapi, basi? Ghala gani, chini ya turubai la nani?

Mengine nayasoma mwenyewe kwa ncha ya kidole.
Kitanda kimelika shubiri mbili karibu na taya:
kazi fupi fupi, miaka na miaka,
pini za mabehewa, vishikizo vya mabomba.
Gia moja si ya ukoo huu. Meno yake yamechongwa kwa tupa,
jino baada ya jino, na mtu mwenye subira kunipita.
Na mpini wa gurudumu dogo umelainika
pale ambapo kiganja cha kulia hakifiki.

Baba alikuwa mashoto.

Baba, Thembo, mwana wa tano. Kwetu
mtoto hugongwa namba kabla hajafumbua macho.
Mimi ni Mbambu, binti wa nne;
niite sokoni uone wanavyogeuka wanawake kumi na wawili.
Mgodini walimwongezea nyingine, kwenye kisahani cha shaba:
moja, moja, saba, nne.
Asubuhi alikitundika ukutani, jioni alikitwaa,
na siku waliyofunga mgodi alirudi nacho mfukoni
kwa sababu hakuna aliyekidai.

Nikaandika barua ya pili, kwa ofisi za humu humu:
1174 alikuwa nani, aliingia lini, anadai kiasi gani?
Karani, kijana wa heshima, alinipa kiti, akaagiza chai.
Madaftari yalikuwa chumba cha chini, alisema.
Maji, alisema,
akafungua mikono kama mtu anayeonyesha
ukubwa wa samaki aliyemponyoka.

Chai ilikuwa na sukari nyingi. Niliimaliza.

Juzi nilivua kifuniko cha sanduku la gia.
Ndani, pale ambapo msimamizi hakuwa na sababu ya kuinama,
wamepanga foleni kama siku ya mshahara:
640.
911.
1174.
1203.
Chini ya 1203 chuma ni kitupu.

Nilikaa na nyundo mapajani mpaka nje kukanyamaza.
Sikuajiriwa na mtu. Sina kisahani,
sina namba ila ile niliyozaliwa nayo.
Nikatafuta patasi ya nne ndani ya kopo,
nikaisimamisha, nikainua mkono,
na mwenye kinu cha mahindi akaita mlangoni:
shafti yake imefikia wapi?

Imelala kidogo, nne yangu.
Nikafunga kifuniko, nikawasha mota,
nikaendelea kukereza.